Uzito wa Mtu Aliyelala

Kwe. Kimya kidogo. Halafu kwe tena, safari hii fupi zaidi, kama mtu aliyeanza kusema neno akajizuia.

Ilikuwa chaga ya kitanda cha mama mkwe, chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi. Chaga ile nilikuwa naijua kama ninavyokijua kikohozi cha mwanangu: hulia mara ya kwanza mzigo unapohamia ukingoni, ikalia mara ya pili mzigo unapoondoka. Nilifumbua macho gizani nikageuza shingo kukitazama kisanduku kilichokaa karibu na mto wangu. Taa yake ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake mama amelala. Nyekundu, pamoja na mlio wa kutoboa masikio, maana yake mama ameondoka kitandani.

Nilikuwa na mashahidi wawili basi, na walikuwa wanapingana. Nikakiamini kisanduku. Chaga ni kipande cha mbao, nilijiambia, na mbao hulia zenyewe baridi ikizidi. Nikavuta shuka, nikamkumbatia mwanangu, nikafumba macho. Lakini usingizi ulionirudia ulikuwa wa mang'amung'amu, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Huo ulikuwa usiku wa nane mfululizo bila mlio. Ningepaswa kufurahi.

Kisanduku kilipokea habari kutoka kwenye mkeka wa kengele, ukanda wa plastiki mpana kama taulo lililokunjwa mara mbili, uliotandazwa kati ya chaga na godoro, usawa wa kiuno. Hospitali ilituazima mama alipotoka wodini. Wiki mbili za mwanzo ulitugeuza wehu. Mama akijivuta kwenda ukutani, ulilia. Akijinyanyua kurekebisha mto, ulilia. Siku moja alipiga chafya, ukalia. Nami nilikurupuka kila mara, nikikimbia gizani na kujigonga kwenye kizingiti hadi ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi, nikamkuta amekaa kitako, mikono mapajani, ananitazama kama mtu aliyekamatwa akiiba kitu chake mwenyewe.

"Nilitaka maji tu," alisema usiku mmoja.

"Ungeniita, mama."

"Niite mara ngapi? Si umelisikia hilo dude likiniitia mtaa mzima?"

Nilicheka kwa sababu ya usingizi. Yeye hakucheka.

Sikuwa na uso wa kulalamika. Siku aliyoanguka, mimi sikuwapo nyumbani. Ilikuwa Alhamisi, siku ya masomo yangu ya jioni, na nilikuwa nimekaa dawati la mbele nikinakili mchoro wa namna umeme unavyopita. Nilimwacha mama na mjukuu wake, kama kila Alhamisi. Mtoto alilala, mama akaenda bafuni, akateleza, nyonga ikapata ufa. Aliyemkuta ni binti yake, wifi yangu, aliyepita tu kuleta dawa. Saa mbili nzima mama alikuwa sakafuni. Hakupiga kelele, asije akamwamsha mtoto.

Wifi yangu ni mwalimu mkuu, na humsemesha kila mtu kana kwamba kengele imeshagongwa naye amechelewa kupanga mstari. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alisimama jikoni kwangu, mkoba begani, akasema, "Akianguka tena, sitangoja mtu wa kunipa pole. Nampeleka." Kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee upande wa pili wa mji, vitanda vyake vina vyuma ubavuni, na alikwisha kuomba nafasi. Walimpa hadi mwisho wa mwezi kujibu. Mume wangu tulimweleza kwa simu. Kazi yake ni kupanda minara ya mawasiliano huko mbali. Anawapa watu wote mtandao, yeye mwenyewe hapatikani. Alisema, "Mama akae nyumbani, jamani," kisha simu ikakatika.

Tangu siku hiyo sikurudi darasani. Daftari langu lilikaa juu ya kabati, na kila nilipofuta vumbi nililizunguka.

Mama mkwe alikuwa fundi magodoro. Miaka thelathini na zaidi alishona kwa mkono, na nusu ya watu wa mtaa wetu walilala juu ya kazi yake. Akiingia nyumba ya mtu hakuwa anatazama makochi wala mapazia. Alibonyeza godoro kwa kiganja, akakwambia nani analala upande gani na nani kati yao ana mgongo mbovu. Kumwekea mtu kama huyo plastiki chini ya godoro lake lilikuwa tusi, na mimi ndiye niliyelitandaza tusi hilo kwa mikono yangu.

Ili kumpoza, nilimweleza dude lile linavyofanya kazi. Ilikuwa mchana, nguo ziko kambani, na mimi nilikuwa na hamu ya kumfundisha mtu kitu nilichojifunza. Nikamwambia ndani kuna karatasi mbili za bati jembamba, katikati sponji yenye matundu. Mtu akilala, karatasi zinagusana, umeme unapita, taa inakuwa ya kijani. Akiondoka, zinaachana.

Alisikiliza kama mwanafunzi bora. "Kwa hiyo halijui ni mimi."

"Halijui, mama. Linajua uzito tu."

"Hata wa gunia?"

"Hata wa gunia," nilisema, nikacheka, nikaenda kuanua nguo.

Siku chache baadaye mlio ulikoma. Nilimsifu mama kwamba amezoea. Nilimsifu na mwanangu, Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa sababu tangu alipojua kusema hajapumzika, kwa kuwa naye alikuwa ametulia ghafla, anashinda chumbani kwa bibi yake mlango umerudishwa. Jioni nilikuta vumbi la kokoto mifukoni mwa gauni lake. Jirani alikuwa anajenga. Nikadhani ni michezo.

Jumatano hiyo, baada ya usiku wa nane, niliamka na macho mazito nikaamua kulitoa godoro la mama lipigwe jua. Mama alikuwa amekaa barazani, anamshonea jirani foronya. Chiriku aliponiona nimeshika pembe ya godoro alisimama mlangoni, mikono ameitanua kama askari wa zamu.

"Usitoe, mama."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni kazi ya mafundi."

Nililiinua. Upande wa chini, palepale usawa wa mkeka, palikuwa na mfuko wa pamba, ukubwa wa mkate mdogo, umeshonewa kwenye godoro kwa mshono wa kuficha ambao nisingeuona kama uzi usingekuwa mweupe kuliko kitambaa. Nikaubonyeza. Kokoto. Ulipimwa hasa: godoro lenyewe lilitosha kuukandamiza juu ya mkeka usiku na mchana, mtu awepo asiwepo.

Nikakaa sakafuni. Kisanduku, nilichoweza kukiona kupitia milango miwili iliyo wazi, kilikuwa kimeanza kupiga yowe, maana nilikuwa nimeuondoa mzigo. Nikalirudisha godoro. Kikanyamaza, kikawaka kijani, kitandani hamna mtu.

Sijui niseme nilihisi nini kwanza. Hasira ilikuwapo. Aibu pia, ya kuchezewa kwa somo langu mwenyewe. Lakini chini ya vyote hivyo palikuwa na hofu: usiku nane. Usiku nane mama alikuwa akitembea gizani na nyonga yenye ufa, na mimi nimelala ubavuni mwa taa ya kijani.

"Nani mwingine anajua?" nilimuuliza Chiriku.

"Mimi na Bibi." Akafikiri. "Na sasa wewe. Basi tumekuwa watatu."

Ningeweza kuufumua mfuko ule saa ileile. Mkasi ulikuwa karibu. Badala yake nilichomeka shuka, nikaenda kupika, nikaunguza sufuria, nikamjibu mama "ndiyo" kwa swali lililohitaji "hapana". Nilitaka kuona kwa macho yangu. Au labda niliogopa kwamba nikifumua, nitalazimika kusema, na nikisema, wifi atasikia, na mwisho wa mwezi ulikuwa Jumamosi.

Usiku huo sikulala kabisa. Nililala chali nikisikia bomba likidondosha, mbwa wa mbali, pumzi ya mwanangu. Kila baada ya muda nilikitazama kisanduku kwa mazoea, nikakumbuka, nikageuka. Ilipofika saa tisa, chaga ikalia. Ikalia tena.

Nilitoka bila viatu hadi pembe ya ukumbi.

Taa ya barabarani ilikuwa ikiingia dirishani, ikiweka pande la mwanga sakafuni. Mama alikuwa amesimama ukutani, kiganja kimoja kimetandazwa kwenye chokaa. Fimbo aliyopewa hospitali ilining'inia kwenye kitasa, hakuitazama. Aliinua mguu wa kushoto kwa shida, akautua. Midomo ilikuwa inahesabu. Akaondoa mkono ukutani. Hatua moja bila kushika. Ya pili. Kwenye ya tatu mwili wote uliinama upande, mkono ukatafuta ukuta, ukakosa, ukaupata.

Nilikuwa nimekwisha kunyanyua mguu kumkimbilia. Ni nini kilichonizuia sijui hadi leo. Niliishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, nikaing'ang'ania kama vile mimi ndiye niliyekuwa naanguka.

Alifika dirishani. Akapumua. Bila kugeuka akasema kwa sauti ya chini, "Sakafu ni ya baridi, Mama Chiriku. Vaa hata kandambili."

Nikatoka gizani. "Mama, kwa nini?"

"Daktari wa viungo amesema nitembee kila siku. Ulikuwapo."

"Alisema utembee na mimi nikushike! Mchana! Kila nikikuambia twende unasema panauma."

"Panauma kweli." Alikaa pole pole kwenye kiti cha dirishani, akaunyoosha mguu kama mtu anayekunjua kitambaa cha thamani. "Mwanangu, mara ya kwanza nilipojifunza kutembea sikuwa na haya. Watu walipiga makofi nikianguka. Sasa ninazo. Jana umeniogesha. Juzi umenivalisha soksi. Na hili la kutikisika kama meza mbovu nalo mlione?"

Nikachutama kando ya kiti chake.

"Nikilala vile dude hilo linavyotaka," aliendelea, "miguu hii itakufa kabla yangu. Nalijua godoro. Kitu kikilazwa mahali pamoja muda mrefu, kinabonyea na hakirudi."

"Na ukianguka?"

"Ndiyo maana natembea karibu na ukuta."

"Mama!"

"Usipige kelele, mtoto amelala." Kisha akauliza: "Alhamisi ngapi hujaenda kusoma?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Sita." Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka, na nilipomshika akaniruhusu hadi magotini tu, kilichobaki alikimaliza mwenyewe.

Sikumwambia nitafanya nini, maana sikujua. Alhamisi sikumfumulia mfuko wake. Ijumaa pia sikuufumua. Usiku zote mbili niliusikiliza mguu wake ukiburuzika sakafuni, nikiuma pembe ya shuka. Nilitamani ule ujinga wangu wa wiki iliyopita, nilipokuwa nalala usingizi wa pono kwa neno la taa.

Jumamosi saa nne wifi alifika. Alimbusu mama, akamkagua Chiriku meno, akakaa ukingoni mwa kitanda kando ya mama na kuomba aletewe kisanduku. Alijua kukibonyeza; kisanduku hutunza hesabu ya kila mlio wa usiku. Alivaa miwani, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Sifuri," alisema. "Wiki nzima na ushei, sifuri."

Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyochoka. Alitoa mkobani fomu iliyokunjwa mara tatu. "Walitaka jibu leo kabla ya saa nane. Nilikuja na kalamu kabisa, mama. Nilikuja kukuambia ujiandae." Akaipiga piga fomu kwenye goti. "Lakini kama umetulia hivi, kama hujajaribu kuinuka hata mara moja, basi... nitawaambia wampe mwingine."

Mama alikuwa na foronya mkononi. Aliendelea kushona, ila nilimwona amechoma sindano mara mbili tundu lilelile. Hakuniangalia. Chiriku aliniangalia.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi: kunyamaza. Neno moja tu la kutosemwa, na mama anabaki. Sifuri ile ingemlinda kuliko mkeka wowote. Nami ningerudi kulala kila usiku nikisikiliza chaga, leo na kesho na mwezi ujao, naye angezidi kutembea kwenye giza ambalo mimi na yeye tumelikubali, hadi siku ambayo mkono ungetafuta ukuta ukaukosa. Siku hiyo pia taa ingekuwa ya kijani.

"Wifi," nilisema, "simama kidogo. Na wewe, mama. Nisameheni."

Nilimshika mama mkono akahamia kwenye kiti cha pembeni. Nikaliinua godoro. Nikaingiza mkasi kwenye mshono ule mzuri, uzi baada ya uzi, na mfuko ukaniangukia kiganjani. Kisanduku kikaanza kulia mikononi mwa wifi. Alikishika bila kukizima, akitazama kokoto zikimiminika juu ya shuka.

"Amekuwa akiamka," nilisema, nikipaza sauti juu ya mlio. "Kila usiku. Anatembea hadi dirisha la ukumbini na kurudi. Usiku kumi na moja. Hajaanguka."

Wifi alichomoa betri.

"Na wewe ulijua."

"Tangu Jumatano."

"Tangu Jumatano!" Sauti ilimpanda, ikakatika. "Wewe hukumwona pale chini. Mimi ndiye niliyemkuta. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, na ananiambia nisigonge mlango, mtoto amelala. Unajua nimeota hilo mara ngapi?"

"Najua nilikokuwa siku hiyo," nilisema. "Nalijua kila siku."

"Usimgombeze," mama alisema. "Kazi ni yangu. Uangalie mshono kwanza, ndipo ukasirike."

"Mama, sicheki."

"Wala mimi."

Wifi aliitazama fomu, akatazama kokoto, akatazama mguu wa mama yake ndani ya soksi niliyouvalisha asubuhi. Alikuwa na kalamu mkononi. Aliifungua kifuniko, akakifunga.

"Haya," alisema hatimaye. "Tembea. Nione."

"Sasa hivi? Jua lote hili?"

"Sasa hivi."

Mama aliiweka foronya chini. Alitazama mlango, ukumbi uliojaa mwanga, vigae vilivyopangwa hadi dirishani, kisha sisi watatu, mmoja mmoja, kama anayehesabu watu watakaomwona. Ningetoa kitu chochote ili jua lizimwe kwa dakika tano. Halafu akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama.

Alitoka mlangoni akigusa ukuta. Sisi tulimfuata hadi kizingitini. Hatua zake za mchana zilikuwa mbaya kuliko za usiku. Haya zilikuwa zimemkaza mabega, na mguu wa kushoto ulikuja ukiburuta, ukigota, ukitua mahali usipokusudia. Katikati ya ukumbi ukuta unakatika kwa mlango wa jiko. Hapo hapana pa kushika. Alisimama. Akaondoa mkono.

Akayumba. Wifi aliruka mbele na mimi nikamdaka kifundo cha mkono. Sijawahi kumgusa wifi yangu hivyo, wala sikudhani nitaweza. "Ngoja," nilimnong'oneza. "Ngoja tu." Alinitazama kwa macho ya kuniua, lakini hakujichomoa.

Mama aliweka mguu. Akaweka mwingine. Kiganja kikaupata ukuta wa upande wa pili, kikapapasa chokaa, na baada ya muda ambao sikuweza kuupima akashika ukingo wa dirisha na kusimama hapo, mgongo kwetu, anahema. Nje mafundi wa jirani walikuwa wakipigiana mbinja. Aligeuka. Uso ulikuwa umelowa jasho na hakuufuta. Kiti kilikuwa karibu naye na hakukikalia.

Fomu ilikuwa imeanguka sakafuni. Wifi aliivuka, akachukua hatua moja, ya pili, mikono mbele, kwenda kumchukua mama yake amrudishe kitandani. Safari hii sikumshika. Chiriku ndiye aliyempita mbio, akasimama katikati ya ukumbi mbele yake, akainua uso.

"Shangazi, Bibi anarudi mwenyewe."